Maneno ya ule Muzee wa ku Gare

Siku ya tano, 9 mai 2025

Eh! Sauti imekwisha, sijui kama nicheke ao nilie. Salle ilijaa mpaka ku mulango. Ba-étudiants, bamama ba quartier, ata sentinelle wa faculté alikuja kusimama nyuma. Yote ile juu ya ciné-club yetu, na film ya zamani ya Bazungu ba Hongrie! Nani angeamini?

Lakini sous-titres, ile maandiko ya ku chini ya picha, ilikatala. Kila mara miye naangalia film mbele bantu hawajafika, nasoma Français ya ku chini, halafu vendredi nashika micro na nasema yote mu Swahili, bamama nabo basikie. Njo kazi yangu mu club. Leo film imefika kuchelewa, sikuiona mbele; Yannick, président yetu, anafungua ordinateur: picha iko, sous-titres hamuna. Anatafuta, jasho inamutoka, bantu banaanza kupiga mikono. Anakuja kunisemea ku sikio: Abi, weye unajua kusoma sura ya bantu, sema tu.

Basi nilisema tu! Na ilitembea muzuri, mpaka ku mwisho. Binti anashuka train ku gare, kisha miaka mingi ya kuwa mbali. Baba yake iko pale, muzee mukavu, na koti murefu. Anasimama mbele yake, anasema, anasema, halafu anamuwekea mukono ku bega. Kihongrie! Sikusikia ata neno moja. Lakini kinywa yangu ilifunguka yenyewe:

— Mutoto yangu, nilikosa. Siku mama yako alikufa nilijificha, juu ya kuona haya. Sikujua namna ya kukuambia. Rudi ku nyumba.

Halafu nilisikia muntu analia mu rangée ya pili ya biti. Ilikuwa Falonne.

Siku ya posho, samedi 10 mai

Falonne tunalala naye chambre moja ku home ya ba-étudiants. Mama yake alikufa kule kwao Kilwa, mbali na hapa, na baba yake, muzee Chishimba, alikuwa ku ziwa, anauza samaki. Alirudia bantu balishamaliza kuzika. Hakusema kwa nini alichelewa, ata kidogo. Falonne alimuambia mbele ya bantu bote kama hana roho, na kutoka ile siku habasemeshane. Ata bonne année hamuna.

Leo asubui ananitikisa: nilimupigia! Nani? Baba! Nilifikiri naota.

Alimuhadisia film yote. Alimuambia kama kuko muzee moja ku gare alisema maneno ile yeye anangojea kutoka siku ya kilio. Muzee Chishimba alimusikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: banaionyesha tena siku gani? Falonne akamuambia tarehe 23, Yannick alishatangaza vile juu bantu bengi balibakia inje. Muzee akasema: nitakuja.

Kutoka Kilwa! Na ile barabara! Falonne anacheka na anafuta macho pamoja. Nilimukumbatia, nilifurahi kweli. Lakini naogopa, sijui kwa nini. Ao najua.

Siku ya pili, 13 mai

Yannick alipata sous-titres. Aliniita mu bureau ya club, hakucheka. Aliweka ile scène ya ku gare, aliniambia: soma.

Muzee anasema: nyumba niliuzisha. Usirudi tena. Hapa hamuna muntu anakungojea. Na ule mukono ku bega haiko mukono ya kumupokea. Anamugeuza! Anamurudisha ku train!

Niliangalia tena, na tena. Sasa naona: macho yake iko baridi. Namna gani sikuona? Miye Abigaëlle, eti najua kusoma sura!

Yannick anasema nilibatungia film ingine. Tarehe 23 sous-titres itakuwa ku écran, na miye nitasema ile iliandikwa, basi. Anasema ciné-club haiko chambre ya maombi, hatukuje pale kuponyesha bantu. Alisema na upole, njo ilinichoma zaidi. Iko na raison, anasema kweli! Muntu alifanya film yake, miye ni nani wa kumubadilishia mwisho?

Lakini ile maneno ilitoka wapi? «Juu ya kuona haya.» Mambo ya haya sikuyawaza mbele. Nilikuwa nasemea ule Muhongrie, ao nilikuwa nasemea muzee Chishimba? Nilijua Falonne iko pale mu rangée ya pili, nilimuwekea kiti miye mwenyewe. Nilifanya kusudi? Hapana. Ao ndiyo. Kichwa yangu imechafuka.

Siku ya ine, 15 mai

Nilitaka kumuambia Falonne kweli leo. Alikuwa anapiga pasi pagne ya kupokelea baba yake, anaimba pole pole. Nilifungua kinywa. Nilisema: chumvi imekwisha.

Chumvi! Mujinga miye!

Siku ya pili, 20 mai

Muzee iko mu njia. Camion yao ilikwama mu matope, siku nzima banaisukuma, na yeye na umri ile. Alipiga téléphone, Falonne akasema baba, musemeshe Abi, njo yeye anasemaka mu micro. Akanipa. Nilitaka kukimbia.

Alinisalimia na heshima, ananiita mama, miye mutoto! Akauliza ule muzee wa film iko na miaka ngapi, kama analingana naye. Nikasema inalingana. Akauliza: ile maneno aliisema amekaa ao amesimama?

— Amesimama, baba.

— Ah. Amesimama.

Nilisikia bantu bengine nyuma yake banasukuma camion, banahesabu moja-mbili-tatu. Halafu akasema asante mama, akakata. Huyu muzee anakuja kujifunza! Anakuja kuangalia namna baba mwenzake anafanya, juu yeye hajui aanzie wapi.

Nilikimbia kwa Yannick. Nilimuomba abadilishe film, tuonyeshe ingine, ata ya kuchekesha. Akakatala: affiche iko ku kila ukuta wa campus. Halafu akaniuliza kama nataka kusema bongo, kudanganya bantu mara ya pili, na sasa najua ni bongo. Angalia, mara ya kwanza nilisema bila kujua, na Falonne alipiga téléphone. Sasa najua kweli, na kweli itamurudisha muzee ku camion. Bongo ni gani mu ile yote? Muntu anielezee!

Siku ya tano, 23 mai

Naandika hapa hapa mu salle, na torche ya téléphone, juu courant imekatika. Imekatika mbele kidogo ya ile scène ya gare! Train ilikuwa inaingia. Yannick na Désiré wa club beko inje, banapigana na groupe, ile mashini ya courant, nasikia banavuta kamba na haiwake.

Mpaka sasa nilisema ile iliandikwa tu. Neno kwa neno. Falonne na baba yake beko mu rangée ya pili. Muzee mufupi, nilifikiri ni murefu. Alivaa veste ya kilio, mi nafikiri hana ingine. Français hajui, ku écran anaangalia picha tu, na sikio yake iko kwangu.

Sasa hivi Falonne amekuja. Amechuchumaa karibu na meza yangu. Nikaanza: Falonne, kuko kintu nilipashwa kukuambia. Akaniwekea mukono ku goti.

— Najua. Yannick alinipatia film mu clé USB jana. Nilisoma yote.

Jana! Na asubui alinipikia chai, hakusema kintu! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini alimuacha baba yake akuje kukaa hapa. Akaangalia ku rangée ya pili.

— Abi, kutoka alifika hajasema kintu juu ya mama. Anangojea ule muzee aanze. Sema vile ulisema mara ya kwanza.

Na sous-titres je? Ba-étudiants bote banasoma Français! Batacheka, batapiga kelele, Yannick atanikamata micro! Lakini alishaenda kukaa.

Sijui. Kweli sijui.

Inje groupe imekohoa. Bantu banarudi ku biti. Muzee Chishimba amegeuka, ananitafuta mu giza, ametosha kofia ku kichwa na ameikamata na mikono mibili. Ananiuliza, pole pole, juu ya bichwa ya bantu:

— Mama, ni hapa njo anasema?

Na miye, bila kufikiri, nimeshajibu:

— Ndiyo, baba. Ni hapa.

Groupe imewaka. Taa ya micro nayo imewaka; naacha kuandika, nashika micro, na ku écran sitaangalia.