Watu Wanazidi Kunipata

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na mimi nimeshinda chini nikichekecha mchanga.

Kuchekecha mchanga si kazi yangu. Mimi ni mtu wa vyuma. Hufunga vyuma vya nguzo huko juu, ghorofa ya mwisho ya jengo tunalolisimamisha hapa mtaa wa Tena, na nimeifanya kazi hiyo hadi vidole vyangu vinazungusha waya bila mimi kufikiri. Asubuhi nilikuwa nimeshashika ngazi, Njoroge, msimamizi wetu, akaniita kando na kunionyesha simu yake. Mkewe alikuwa amemtumia picha aliyoitoa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa lao.

Ilikuwa picha yangu. Nimevaa koti la kuazima na kukunja uso, kwa kuwa ilipigwa kwenye mazishi ya mjomba. Juu yake herufi nyekundu zinasema nimepotea.

Hiyo picha naijua. Nimeichoka. Kilichomtia Njoroge hofu ni mstari wa mwisho: akili zake hazijatulia, ukimwona usimwache aende peke yake.

Akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba nibaki chini kwanza. Juu kule mtu akianguka, yeye ndiye atakayeulizwa. Nikamweleza kwamba sijapotea na kichwa changu ni kizima. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Mtu aliyechanganyikiwa naye angesema hivyo hivyo.

Acha niandike ilivyoanza, maana nikiendelea kuisimulia kwa mdomo nitachanganyikiwa kweli.

Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji hapo kazini. Nikaipeleka kwa fundi, fundi akakaa nayo, kila siku ananiambia nije kesho. Huko Bungoma mama alikuwa akipiga, haingii. Akamwambia binamu yangu Nekesa, ambaye simu haimtoki mkononi hata akiwa anakoroga ugali. Nekesa akaandika tangazo na kulituma kila mahali anapojua. Eti nilionekana mara ya mwisho Nairobi. Nairobi ndiko ninakoishi. Nilitaka nionekane wapi?

Simu ilipopona nilimpigia mama, akalia, akanigombeza, tukamaliza. Nekesa nikamuuliza kwa nini aliniongezea wazimu. Alinijibu bila aibu: "Kaka, mwanaume mzima mwenye akili akipotea Nairobi, nani atamtafuta? Watasema amepata mwanamke. Lazima uweke kitu watu wahurumie."

Kinachoniudhi ni kwamba alisema kweli.

Alilifuta lile tangazo siku hiyo hiyo, lakini lilikuwa limeshachukuliwa na watu wasiomjua yeye wala mimi. Akaandika lingine, kwamba nimepatikana. Hilo hakuna aliyelisambaza. Mamake pekee ndiye aliyeandika chini yake kwamba Mungu ni mwema. Mtu aliyepotea ana miguu, anafika hadi makanisani na sokoni. Aliyepatikana anakaa pale pale alipowekwa.

Jumapili nilikwenda Pumwani kutafuta gambuti za mtumba. Pale Majengo mama mmoja muuza mahamri akanitazama, akatazama simu yake, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mama mzee mwembamba, lakini mkono ule ungeweza kukunja chuma. "Keti mwanangu Wafula," akasema. "Kunywa chai. Kwenu wanakutafuta." Nikamwambia mama, mimi sijapotea, nimekuja kununua viatu. Akasema sawa mwanangu, na mkono hakuuachia. Akaniwekea mahamri, akapiga ile nambari iliyo kwenye tangazo, na hadi Nekesa alipoapa kwamba nimeshapatikana ndipo aliponiacha. Hakutaka nilipe.

Nilirudi nyumbani siku hiyo na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa na kitu ndani yake. Nimekaa mji huu tangu ndevu zangu hazijaota sawasawa. Nimejenga nyumba ambazo watu wanalala ndani yake. Hakuna mtu wa barabarani aliyewahi kuniita kwa jina langu.

Ilibidi nipotee.

Basi leo niko kwenye mchanga, na vijana wanaochanganya simiti wamepata mchezo. Mmoja anapita na karai: "Niaje buda, unajua leo ni siku gani?" Nasema Alhamisi. Anamgeukia mwenzake: "Amejua. Lakini amefikiria kidogo." Mwingine ananiuliza kama najua hapa ni wapi, na kama nikitaka kwenda chooni nisindikizwe. Nikijibu haraka, eti ona anavyowaka. Nikinyamaza, wanatazamana. Na juu kule namwona mtu mwingine anafunga vyuma vyangu, anaacha waya umelegea, na siwezi kupiga kelele kwa sababu leo mimi ndiye nisiyetakiwa kupiga kelele.

Nilijua kwamba nikishinda chini leo na kesho, mahali pangu juu pameshapata mwenyewe. Kibarua ndivyo kilivyo. Hakuna anayekufukuza, ila unakuta pamejaa.

Saa ya chakula nilimwandikia Nekesa. Nikamwambia wewe ndiye uliyenitia wazimu mbele ya watu, sasa unitoe. Sahani yangu ya githeri haikuwa imeisha video ikaingia, nikaituma kwenye simu ya Njoroge. Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya jikoni lake, kitambaa kichwani, anaitazama simu kama anayetazama ng'ombe wa jirani shambani mwake. Watu wote wakasogea. Anaongea Kiswahili chake cha soko la kwetu, polepole:

"Wewe msimamizi, pole na kazi. Huyo ni Wafula wangu. Kichwa chake ni kizima, ni kigumu tu. Tangu akiwa mtoto ukimwambia shuka, yeye anapanda, na hajawahi kuanguka. Mrudishe juu. Na ukishamrudisha, umwambie anafungia watu maghorofa huko, na paa la jikoni la mamake linavuja."

Akageuza shingo, akamwonyesha Nekesa kwa kidole apige picha ya paa. Nekesa akapiga. Sufuria iko chini, inakinga matone.

Vijana walicheka hadi mmoja akaangusha kijiko. Njoroge naye alicheka, akajifuta macho, akairudia ile video tangu mwanzo. Kisha akasema, "Mama huyu ana akili kuliko sisi sote hapa. Wafula, kesho panda. Na simu uiache chini."

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado naitazama ile sufuria.

Nitaongea ukweli. Simu hiyo hiyo iliyonishusha ndiyo iliyonipandisha. Bila hayo mambo ya mtandao mama asingeweza kusimama katikati ya matope ya Tena na kunitetea akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Kwa sauti tu nisingejua kwamba amekonda. Kila tukiongea nilikuwa namuuliza kama yuko salama, ananiambia yuko salama, na paa hakulitaja. Alilitaja kwa Njoroge.

Ningependa kuishia hapo, nilale na shukrani. Lakini kijana mmoja aliichukua ile video kutoka kwa simu ya Njoroge na kuiachia mtandaoni na maneno ya kuchekesha. Sikuulizwa. Mama hakuulizwa. Jioni nimefika kwenye ploti ninapokaa, mtunza geti ambaye huwa hajibu hata salamu akanisimamisha. Nikajua ameona lile tangazo, nikaanza kusema sijapotea.

"Najua hujapotea," akasema. "Hilo paa la mama umelitengeneza?"

Muuza mboga aliye kando ya geti akainua kichwa kusikia jibu.

Nimewapita wote wawili. Nimeingia ndani, nimevua gambuti, naandika haya na vidole vimejaa mchanga.

Kesho naanza kwa kukaza upya zile nyaya alizozilegeza yule mtu. Slabu, ile sakafu ya zege, ikishamwagwa nitamwomba Njoroge ruhusa, nimuage kila mtu hapa, mtunza geti na muuza mboga pia, asije mtu akanitangaza. Kisha niende Bungoma na misumari na mabati, nipande juu ya lile jikoni.

Nekesa simu yake ataiweka ndani. Sitaki picha.