Mama kamgonga meneja kwa baiskeli

Odeta, uko hapo? Mama kanisimulia kitu sasa hivi, siamini!

Mwaka tisini na sita kiwanda chao kinauzwa, wafanyakazi roho juu wakisubiri kupunguzwa kazi. Usingizi hauji, chakula hakipiti. Unajua alijitulizaje? Kila jioni alijifunza baiskeli kule Mkolani. Mama yangu! Na kitenge chake!

Jioni moja kashika mteremko, breki kazisahau, kamgonga mtu. Kuangalia, ni meneja wake, mzee Taherali, kakaa vumbini!

Meneja, Odeta. Mwezi ule ule wa kupunguzwa!

Mama akapiga magoti. "Shikamoo bosi, nisamehe, usinifukuze."

Mzee akajipangusa suruali. "Nikufukuze nikiwa nani, Rebeka? Mimi mwenyewe nimeambiwa leo niondoke."

Mama hakujua ampe pole ya kuanguka au ya kazi.

Mara mzee akainua baiskeli, akashika siti kwa nyuma. "Panda. Tazama mbele, usitazame tairi."

Mama akapanda, akateremka. Kufika chini, kumbe mzee aliachia zamani, yuko kule juu anapiga makofi peke yake.

Jumatatu mama naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani kwa baiskeli huku analia, wala hakuanguka.