Kurudi Juu ya Farasi

Jumatano, 12 Februari
Nimezoa mavi, nimepiga farasi brashi, nimebeba maji. Mgongo unauma. Kabla nijifungue nilikuwa naongoza wageni hapa ranchini, mwanamke peke yangu. Sasa ni mavi tu. Leo meneja amesema Jumamosi nijaribu tena. Asubuhi farasi, jioni gari ndani ya Tsavo. Nikiweza narudishiwa kazi yangu. Nikishindwa, jikoni. Nimesema sawa. Naogopa.

Alhamisi, 13 Februari
Mama mkwe hataki. Yeye ndiye hubaki na Wakesho wangu nikiwa kazini. Eti mwenye kunyonyesha akirukaruka juu ya farasi, maziwa yanaganda. "Utampa mtoto maziwa mala, Mama Wakesho?" Nimecheka. Halafu nimeenda kulia chooni.

Ijumaa, 14 Februari
Nimempanda farasi Njugu nyuma ya zizi. Mapaja yanatetemeka kama ya ndama. Mwaka mzima sijapanda.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeweza! Mimi!

Wageni wanne wa Nairobi, wawili hawajawahi kupanda farasi. Nikawapanga mstari, mimi na Njugu mbele. Mlima Sagalla upande mmoja, vumbi jekundu, pundamilia. Karibu na bwawa Njugu akasimamisha masikio. Ndovu kichakani, na kadogo kake. Farasi wa nyuma akaanza kurudi kinyumenyume, mama aliyempanda akapiga nduru. Lakini sauti yangu ilitoka polepole: shikeni hatamu, nyamazeni, geukeni mmoja mmoja. Nikakaa kati yao na ndovu mpaka wa mwisho akapita. Ndovu alipiga masikio tu, akabaki na mtoto wake. Nilimwelewa huyo mama.

Maziwa yalikuwa yamelowesha shati. Nikafunga leso juu. Kama waliona, shauri yao.

Njia ya kurudi inapita kwetu. Mama mkwe alikuwa nje, Wakesho mgongoni. Nikajua leo natukanwa mbele ya wageni. Akaniangalia, akaangalia ule mstari wote nyuma yangu. Akapiga kigelegele! Kisha: "Shuka unyonyeshe, mtoto amekataa kikombe! Hao wangoje!"

Nilifikiria jikoni. Nikashuka. Nimenyonyesha kando ya njia, mkono mmoja hatamu, mmoja mtoto. Wangoje, na wakangoja. Yule mama wa nduru akamshika Wakesho mguu akacheka.

Jioni tukaingia mbugani na gari. Nilikaa mbele na dereva, nikiwaonyesha wageni twiga, nyati, simba jike amelala kwa kivuli. Jua likazama jekundu kama ardhi yetu. Getini meneja alikuwa anangoja. Wageni walikuwa wamemwambia yote mchana, hata ya kunyonyesha. Akasema, "Jumatatu unaongoza."

Jumapili, 16 Februari
Kanisani mama mkwe amesimulia kila mtu. Kwake ndovu walikuwa kundi zima. Nimemwacha aseme.

Mchana nimejinyoosha na Wakesho. Amelala kwa mkono wangu. Mapaja yanauma, hata kugeuka siwezi. Sijaambia mtu. Nayapenda maumivu haya.