Maelezo Kuhusu Mguruguru wa Fundi Miwani

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Wizi wa mnyama wa kufugwa

Jina: Bibi Godoro. Lile la kwenye kitambulisho afande ameliona na amenirudishia.
Umri: Miaka sitini na tisa. Kitambulisho kinasema sitini na sita. Aliyekiandika hakuniuliza mimi, alimuuliza mume wangu.
Kazi: Fundi wa magodoro ya sufi na pamba.
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba yenye mlango wa kijani.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Afande wa mezani aliniambia nirudi kesho. Nikamwambia kesho huenda nikawa nimebadili nia, ndipo akanipa kiti.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala. Mwezi wa nane mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu, na mdomo ukaenda pembeni. Maneno yakamwisha. Yaliyobaki ni matatu: "hapana", "maji", na tusi moja ambalo sitalitaja mbele ya askari. Huyu ni mtu aliyekuwa akisimulia mechi ya mpira hadi wewe uliyekuwepo uwanjani ukaona hukuiangalia vizuri.

Daktari wa viungo alisema mkono ule usiachwe ulale, utafutiwe kazi anayoipenda mwenyewe. Tulimpa kimpira cha kuminya, akakitupa uani. Binti yangu akaleta paka, mzee akapiga chafya kutwa nzima, paka akarudishwa. Siku moja akanionyesha mjusi ukutani, kisha akanyoosha mkono wake mzima na kuupima kwa macho kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mtu mwingine angedhani anaomba fimbo. Mimi nilielewa kwa sababu nimeolewa naye. Chini ya kibanda chake cha ulinzi kule ghalani aliishi mguruguru, yule mjusi mkubwa wa kwenye mashimo, na walikuwa wakigawana yai la kuchemsha. Nilimcheka miaka yote ile. Sasa nikafunga kitambaa kichwani nikaenda kumtafutia.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, nilifika soko la wanyama, kwenye banda la muuzaji anayeitwa Manyoya. Nilimwambia nataka mguruguru mkubwa, wa mgonjwa. Akaniletea kitoto cha kenge, akaapa kwamba ndiye. Nikamwambia amtoe ulimi. Ulikuwa umegawanyika mbele kama wa nyoka. Nikamwambia, "Mwanangu, kenge na mimi tumegombania mayai ya kuku kabla mama yako hajaolewa. Rudisha huyo, unionyeshe mnyama."

Akaleta wa pili, mdogo, mistari mgongoni na mkia wa buluu. Mzuri wa kutazama, lakini yule ukimgusa anakukimbia, na ukimshika mkia anakuachia mkia wenyewe. Mgonjwa wa mkono mmoja atamfukuza na nini? Wa tatu alikuwa na magamba ya miiba. Alijibana kwenye ufa wa gogo, akajaza pumzi, hatoki hata kwa dua. Nikasema huyo akae na gogo lake.

Chini ya vizimba vyote palikuwa na sanduku lililofunikwa gunia. Sikuonyeshwa, nililifunua mwenyewe. Humo ndimo alimokuwa mguruguru huyu tunayemzungumzia. Urefu ni ule ule alioupima mume wangu, unene kama chupa ya soda, miguu mifupi ya kuchekesha, na ngozi laini inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Mimi huchagua kila kitu kwa mkono. Sufi nzuri huijui kwa macho. Unaiminya, unaiachia, ikiinuka yenyewe ndiyo hiyo. Nikaweka kiganja changu wazi ndani ya sanduku, nikasubiri. Mnyama akaja taratibu, akanilamba kwa ulimi mpana, akapanda, akalaza kidevu kwenye mkono wangu na kufumba macho. Manyoya akasema amekamatwa porini wiki ile ile. Nikasema basi porini wanalea vizuri kuliko mjini, nikamchukua.

Hapo ndipo palipo na shida, afande, na sitaki upaache bila kupaandika. Mimi nimekulia shambani. Mnyama aliyetoka porini wiki hiyo halali kwenye kiganja cha mtu asiyemjua. Ningekuwa nanunua pamba ningeuliza imetoka wapi. Lakini nilikuwa natafuta mpole, nikampata mpole, sikuuliza nani amempa huo upole. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mkono wa mume wangu.

Tulimwekea sanduku karibu na mlango. Kila asubuhi jua linapoingia, mume wangu huketi pale, na mnyama hulala juu ya kiganja chake cha kulia, kile kilichokufa. Nilikuwa namtukana mnyama huyo: mvivu, mla bure, tumbo kama mto. Nikipita na sindano yangu namwona ananitazama kwa jicho moja kama mama mkwe. Kabla mwezi haujaisha, kidole gumba cha mume wangu kilianza kumkuna shingo. Nilidhani ni mnyama anayejisogeza. Nikainama kuangalia. Kilikuwa ni kidole.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa tatu, saa kumi alasiri, walikuja nyumbani kwangu askari mmoja na mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani miwili mfukoni. Alijitambulisha kuwa ni fundi miwani. Alisema mguruguru wake, aliyemlea tangu akiwa na urefu wa kidole, aliibwa kwenye ua wake mwezi wa kwanza. Jirani yangu alipokwenda kupimwa macho ndiye aliyemwambia kuna mzee anakaa mlangoni na mguruguru. Jirani huyo nitaongea naye kwa wakati wangu.

Fundi miwani alichuchumaa, akagonga sakafu kwa ukucha. Mnyama akainua kichwa, akashuka kwa mguu wa mume wangu, akavuka chumba kizima hadi kwenye viatu vya yule bwana. Askari akasema hata kuku akigongewa sahani huja. Akasema pia kwamba wauza wanyama wa sokoni wote wameshahojiwa, na Manyoya ameapa hajawahi kuuza mguruguru maishani mwake.

Kisha askari, nadhani kwa heshima tu, akamgeukia mume wangu. "Mzee, mnyama huyu mlimpata wapi?"

Mdomo wa mume wangu ulihangaika. Nilitegemea lile tusi. Akasema: "Nilimkamata mwenyewe, kwenye shamba la ndugu yangu."

Nilikuwa nimesimama na sindano ya magodoro mkononi, nikaketi juu ya sufi. Tangu mwezi wa nane nilikuwa naisubiri sentensi itoke katika kinywa kile. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemsimulia upuuzi wote wa mtaa ili anijibu. Na ilipokuja, imekuja nzima, na ni ya uongo. Mume wangu hana ndugu mwenye shamba. Sikujua nimkumbatie au nimzabe kibao.

Askari akaniuliza, "Bibi, ndivyo?"

Nikasema, "Umemsikia mwenye nyumba."

Najua hilo si jibu. Askari akaandika alichoandika, akamwambia fundi miwani kwamba bila shahidi hana la kufanya.

Yule bwana hakubisha. Alimwinua mnyama, akamtazama kucha na kinywa, akamrudisha mwenyewe juu ya kiganja cha mume wangu. Akaniambia, "Mama, mkate msimpe, unamfunga tumbo. Na konokono umpondee kwanza, jino lake la pembeni limevunjika." Akamuaga mzee, akaondoka. Angenitukana ningepata usingizi.

Tangu siku hiyo naponda konokono. Na mume wangu anasema. Kesho yake aliuliza mbona uji hauna chumvi. Keshokutwa yake akamwambia binti yetu kwamba amenenepa, na ni kweli. Binti yangu anajua nilikotaka kuja. Alinishika mkono akasema, "Mama, ukienda kusema, unamnyang'anya baba mdomo wake." Nikamwambia mdomo wa baba yake ni wangu kuliko wake, mimi ndiye niliyeolewa nao.

Lakini huenda binti yangu ana haki. Huenda mnyama akiondoka mkono utalala tena na maneno yarudi kuwa matatu. Nimeyawaza hayo yote. Ila watu hulala juu ya kazi yangu, na hakuna anayepasua godoro kutazama nilichotia ndani. Ningetia matambara nisingejulikana. Sijatia. Siwezi kulala juu ya mnyama wa mtu kisha nikaamka nikamwita mtu mwingine mwizi.

Kwa hiyo naeleza wazi. Mguruguru aliye nyumbani kwangu nilimnunua mimi kwa Manyoya, tarehe niliyoitaja, kutoka sanduku la chini lililofunikwa gunia, na niko tayari kumwambia hivyo usoni. Naamini ni mnyama wa fundi miwani. Mume wangu hakumkamata popote. Hajui kwamba niko hapa, nimemwambia ninakwenda kutafuta uzi. Naomba asisumbuliwe. Kama uongo wake una adhabu, nami nilikuwepo na niliuacha upite. Askari wasije kumchukua mnyama. Mimi mwenyewe nitamwambia mzee jioni hii, na kesho asubuhi, jua likishaingia mlangoni na wakishakaa kidogo, nitampeleka mnyama kwa mwenyewe kwa mikono yangu. Fundi miwani akitaka kuja kumtembelea mzee na mnyama wake siku moja moja, mlango wetu ni wa kijani, ameshauona. Sitamwomba. Nimesema tu mlango ni wa kijani.

Jambo moja limebaki. Afande alitaka kuandika kwamba mume wangu "alitoa taarifa isiyo ya kweli". Nimekataa. Ile sentensi iandikwe kama ilivyotoka, neno kwa neno, asipunguze hata moja. Nimeikana, lakini ni yake.

Niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono ndiyo hayo, sikuongeza chumvi wala sikuficha jipu.

(Alama ya dole gumba la kulia la shahidi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea kwa sauti naye akakubali kuwa ni sahihi, baada ya kunirekebisha mahali panne. Nilipofika kwenye maneno ya mume wake aliniomba niyarudie. Niliyarudia.