Vichwa vya Samaki vya Alhamisi

Kariakoo, Mfungo Mosi, 1934

Kwa mdogo wangu mpenzi Mwanamize, Lindi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao wote. Je, mguu wako umepona? Sisi huku wazima, ila kikohozi changu tu, nacho tumekwishazoeana.

Mwanangu, yaani mwanao, Muhiddin sasa ni bwana afya. Tena si wa kumwaga dawa mitaroni, la! Kapewa baiskeli, kofia, na kaptula ya kaki ninayoipiga pasi mimi mwenyewe. Akipita mtaani wanawake wanafagia mbio kana kwamba kapita simba. Mimi nakaa sokoni kwenye kikaango changu cha samaki najifanya simwoni, kumbe nimemwona tangu Gerezani.

Kazi aliyopewa sasa ni ya mbwa. Unavikumbuka vile vichaka nyuma ya nyumba yetu, kuteremkia mkondo wa Gerezani, na wale paa wadogo tuliowaona ulipokuja? Mbwa wasio na mwenyewe wanawamaliza. Kabla ya Ramadhani Muhiddin aliwahesabu kumi na mmoja. Juzi kaona watatu, mmoja ana mtoto. Siku hiyo hakugusa chakula. Ndivyo nilivyomlea, ana huruma.

Bwana mkubwa wake kaamuru atafutwe anayewalisha hao mbwa, na akiwa mchuuzi, aondolewe sokoni. Muhiddin kamshika Bushiri, yule mwuza nyama, ati mbwa wanafuata mifupa anayotupa yeye. Bushiri akamjibu mbele za watu kwamba alimpa maini tangu ana makamasi hadi mdomoni, leo anamletea karatasi! Watu wakacheka, mwanao hakucheka. Jumatatu meza ya Bushiri inaondolewa, na ana watoto sita.

Sasa Mwanamize, kaa chini. Si Bushiri. Ni mimi.

Tangu afariki marehemu mume wangu, kila Alhamisi alasiri nilikuwa nikimtolea sadaka ya vichwa vya samaki kwa paka, pale pale vichakani. Unajua alivyopenda paka. Halafu nikaona Alhamisi peke yake haitoshi, nikawa napeleka kila siku. Mbwa wakawafukuza paka. Nyayo niliziona, nikajisemea hawa paka wamenenepa. Nani angemdhania mama anayetawadha mara tano kwamba analisha mbwa? Ramadhani ilipoingia sikukaanga, vichwa vikakoma. Mbwa walikwishazoea kula pale. Walipokosa, wakaingia kwa paa.

Nimelificha jambo hili siku nane. Jana Bushiri kaniletea utumbo wa bure, akaniomba nimsemee kwa mwanangu. Nami nikaupokea, Mwanamize! Nikaupika, nikaula.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nisirudi nyuma. Muhiddin yuko barazani anasugua baiskeli yake. Nikiifunga barua hii natoka kumwambia kwamba mtu anayemtafuta ndiye anayempigia pasi kaptula. Ukisikia kikaango changu kimeondolewa sokoni, usimlaumu. Waambie watu wa Lindi kwamba mwanangu kwa kazi yake hakumwonea haya hata mama yake. Hilo nalo nitajisifia.

Nisalimie shemeji, na wanao uwapakate kwa niaba yangu.

Dada yako anayekupenda,
Kuruthumu binti Seifu