Dumu Nililoliacha Mlangoni

Dada Agatha, shikamoo.

Simu za huko hazishiki, kwa hiyo nampa barua dereva wa bodaboda anayepeleka mzigo Chilangala. Nitachelewa, pikapu imenikwamisha Masasi. Tangu nilipoongeza mafuta ya dumu pale Newala, injini inakosakosa na kutetemeka. Mteremko wote nilishuka nikisali. Fundi Uwesu amebadilisha plagi, bado inamisi. Esther anaendeleaje tangu ajifungue? Shuka za kichanga nimepata.

Dada, yaache hayo ya juu. Fundi amekinga mafuta ya tangi kwenye chupa, na chini yametuama maji. Nilimimina maji nikidhani ni petroli! Si unajua madumu yetu yote yananuka petroli, hata ya maji ya kunywa, pua zimeshazoea.

Basi, dumu la petroli ndilo nililoliacha mlangoni kwako alfajiri, nikidhani ni la maji ya kuchemsha ya kumkanda Esther.

Usiwashe moto. Kama limo jikoni usiliguse, mtoe Esther na mtoto nje kwanza. Natafuta pikipiki nyingine, nakuja. Huyu wa bodaboda nimemwambia asipokuona wewe, apige kelele tangu barabarani.

Mdogo wako,
Gasper