Mtunze Amana

Jumatatu, 3 Machi

Haya Mwalimu, andika. Andika ninavyosema, usinipambie. Daftari hili ni langu mwenyewe, hasomi mtu. Wewe jirani huhesabiki, mimi sijui kuandika, wewe ni mkono tu. Unacheka nini? Andika na kucheka kwako.

Leo nimeitoa kwenye kona cherehani ya marehemu mume wangu. Binti yangu anakuja kuichukua Jumamosi ya wiki ijayo, ana chumba cha kushonea sasa huko kwake. Sawa. Nikasema nisije nikampa mtoto cherehani yenye vumbi la miaka miwili. Nikavuta droo. Imekwama! Nikavuta tena, ikatoka yote, ikanigonga goti — hili hapa, angalia lilivyovimba. Kumbe chini ya droo, ule upande usioonekana, kuna maandishi ya wino. Nikakuita. Ukasoma: cherehani hii ni ya amana, isiuzwe.

Ya amana ndiyo nini? Ukasema ni kitu cha kutunzwa, mtu kakiacha kwa aliyemwamini. Mtu gani? Ukasema hujui.

Miaka arobaini na mmoja nimekaa na yule mzee. Aliniambia cherehani kainunua yeye. Nikamshangilia, nikaifunika kwa kanga yangu mpya. Sasa nimeshangilia cha nani?

Goti linauma. Weka nukta.

Jumatano, 5 Machi

Kitinda mimba wangu kaja kuifunga cherehani kamba. Yule mchora mabango, mwenye rangi mpaka kwenye nyusi. Kaigeuza droo, kasoma, kasoma tena. Halafu: Mama, amana ni nani?

Ni nani vipi? Ni kitu cha kutunzwa, Mwalimu kasema.

Akasema hapana Mama, Baba kaandika A kubwa. Katikati ya sentensi A kubwa haiwekwi bure. Hili ni jina la mtu. La mwanamke.

Nikamwambia Mwalimu amesoma kuliko wewe. Akasema labda macho yamemchoka. Macho ya Mwalimu! Huyu anayenitungia uzi kwenye sindano bila kukunja uso!

Basi nikamwambia nionyeshe hiyo kubwa. Akanichorea sakafuni. Kumbe ni mkasi! Mkasi umesimama, miguu imepanuka, na kijiti katikati. A ndogo ni kitumbo chenye mkia. Maisha yangu yote naokota mikasi chini ya meza, sikujua naokota herufi.

Akasema jina hilo limemlisha. Kalichora juu ya duka la dawa, kalichora kwenye lori la maji, mlango wa chama cha kuzikana, na mgongo wa bodaboda moja mwenyewe akaiuza wiki hiyo hiyo. Nikamwuliza wote hao wana mwanamke mmoja? Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Sasa Mwalimu, geuza daftari. Nataka kuona. Juzi — kitumbo. Leo — kitumbo, kitumbo, kitumbo. Mkasi uko wapi? Nimetaja jina la mtu, wewe umeniandikia neno.

Ukasema mkono umezoea. Sawa. Mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda duka la dawa. Goti na yote. Nikauliza, amana wa hapa ni nani? Mwenye duka akasema hakuna mtu, bibi, ni jina la kumtuliza mteja. Aone dawa zetu si chaki. Nikamwuliza, kwani ni chaki?

Akaniuzia ya goti. Haifanyi kitu.

Lori la maji nalo nimelisimamisha. Dereva kasema ni jina la mama yake tajiri wake, kafa zamani, na alikuwa hana meno tangu ujana. Huyo nimemwacha.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala mchana. Nimekumbuka jambo. Mwalimu, hili uliandike taratibu.

Siku ile anatutoka alinishika mkono. Sauti imebaki uzi. Akasema: mtunze amana. Nikamwambia nitatunza, mume wangu, usihangaike. Nikajua anasema watoto, maana watoto ni amana, kila mtu anasema hivyo. Au anasema roho. Au nyumba. Mtu akiwa anakwenda, maneno yake yote unayapokea, huyapekui mifuko.

Leo nayapekua. Mtu mmoja anaambiwa tunza. Mkiwa wengi ndiyo mnaambiwa mtunze. Sawasawa? Miaka miwili nimejua anatuambia wote. Lakini wote wepi? Binti alikuwa njiani. Kitinda mimba kakimbilia daktari. Wewe ulikuwa umetoka kuchemsha maji. Chumbani nilikuwa mimi na yeye na ile saa ya ukutani iliyosimama.

Nilikuwa peke yangu, Mwalimu! Sasa hiyo m ni ya nani? Kama ni kitu, angesema itunze. Kasema m-tunze. Mtu. Kanikabidhi mtu, na mimi nikaitikia, nitatunza, kama mjinga.

Mbona kalamu imesimama? Wino umeisha? Haujaisha, nauona.

Jumanne, 11 Machi

Leo sikukuita wewe asubuhi. Nimemwita mwanangu, anisomee daftari la vipimo la baba yake. Wewe ulikuwa unaanika nguo, umetuona dirishani, ukaanika shuka moja mara tatu.

Daftari lile nalijua kwa harufu tu. Mtaani kwetu hapa nani anaitwa jina lake? Mimi Mama Fundi. Jina langu nalisikia zahanati tu, na nageuka nyuma kutafuta anayeitwa. Basi na marehemu aliandika hivyo hivyo. Muuguzi, kifua arobaini. Mke wa mwokaji, kiuno — hakuna kiuno, kaandika "sawa na kifua", Mungu amsamehe. Askari mfupi. Mjomba wa lori. Kurasa na kurasa, hakuna jina hata moja.

Halafu ukurasa mmoja, wa katikati, umetoka kwenye uzi kwa kufunguliwa sana, juu kumeandikwa amana. Mwanangu kasema: mkasi huo Mama, angalia. Nikauangalia. Kifua thelathini na sita. Mkono ishirini na mbili. Na chini yake: bega la kushoto limeshuka nusu inchi.

Nikamwambia, sasa nitafutie Mwalimu. Kafunua mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu hayumo.

Mwalimu hayumo! Miaka thelathini anakushonea, kila muhula blauzi mpya, na vipimo vyako havimo. Sijawahi kuona futi imezungushwa kwako. Nilikuwa nakuuliza, wewe unapimwa saa ngapi? Unasema, fundi mzuri anapima kwa macho. Tukacheka wote watatu.

Yeye alikata na kushona, mimi nilikunja pindo na kutia vifungo. Blauzi zako zote zimepita mkononi mwangu. Kushoto kuna pamba begani, kulia hakuna. Nilidhani kasahau. Nikawa naongeza ya kulia, kimya kimya, nisimwaibishe. Na wewe ukawa unaitoa.

Andika. Usinitazame, andika.

Mwanangu amenisomea hivyo, nikamwambia aende kazini, asimwambie dada yake. Na wewe umekuja saa kumi kama kawaida, na mkoba wako. Bega la kushoto, limeshuka.

Nukta.

Ijumaa, 14 Machi

Umekuja. Siku mbili umepotea. Nimegonga kwako jana, nikasikia redio inazimwa. Kaa. Chai ile pale, imepoa, hukuitwa saa hii lakini nilijua.

Kesho asubuhi binti anakuja na gari. Kapiga simu, kasema Mama nimeshasafisha chumba, nimeshapata wateja wawili, cherehani tu. Nimemwambia njoo. Sikumwambia njoo ufanye nini.

Nimekaa na cherehani hii siku mbili bila wewe, na nimekumbuka vizuri. Ile ya zamani ilipoibwa, fundi alikaa mwezi mzima anashona kwa mkono, vidole vimetoboka. Halafu siku moja ikaingia hii, mpya, inang'aa. Ulikuwa mwaka wako wa pili hapa. Na wewe mwaka ule ulivaa viatu vya wazi mvua nzima, nikasema mbona mwalimu hana viatu. Nikakupa vyangu. Unavikumbuka? Ukavipokea! Ukalia, nikadhani ni kwa ajili ya viatu; kumbe pesa yako ya viatu ndiyo cherehani hii.

Mimi sijui kama ni cherehani tu. Ukurasa hautoki kwenye uzi kwa ajili ya cherehani. Lakini nani alinichemshia maji siku ile? Nani ananikata kucha za miguu? Nimetaka kukufukuza tangu Jumanne, nikatafuta neno, na kila neno nikitaka kuliweka lazima nikuite wewe uliandike.

Haya. Andika hili, halafu tuone. Mume wangu alinishika mkono akasema, mtunze Amana.

Ngoja. Geuza daftari. Ngoja kwanza, nipe miwani — ya nini miwani, nauona. Hapo. Mwisho wa mstari.

Mkasi.

Sikukuambia uweke kubwa. Siku zote unaniwekea kitumbo, leo umeweka mkasi, kwa mkono wako, sijakuomba.

Usifunge kalamu. Futa uso, karatasi inalowa. Kesho gari linakuja na mtoto hana kosa, na mimi nimeitikia kwa marehemu, nitatunza. Hizo mbili hazikai meza moja. Basi uniambie wewe mwenye kitu, nimwambie nini binti yangu? Usinijibu bado. Kwanza ngoja nikuite vizuri, kwa jina lako, sijawahi, ulimi wenyewe mzito —